Kumbukumbu ya MV Bukoba na MV Nyerere: mwongozo kamili wa kuandaa siku yenyewe na kuwasaidia wavuvi na waokoaji waliotangulia kufika

Kila mwaka ikifika Mei 21 simu zetu zinajaa picha ya MV Bukoba, ile meli iliyozama Ziwa Victoria, watu wanaandika pumzikeni kwa amani, pale makaburi ya Igoma, Mwanza, kunawekwa mashada ya maua, kuna dua na hotuba, alafu jioni kila mtu anarudi kwake na ndo basi mpaka mwakani. Sisemi ni vibaya hata kidogo, mtu akikumbuka hata kwa dakika tano kwenye simu yake amekumbuka. Ila nimekaa na wavuvi wengi huku ziwani na kuna kitu kinaniuma kila mara, kwamba wale waliovuta watu majini kwa mikono yao, kwa mitumbwi yao, kwa mafuta waliyonunua kwa hela yao, hao kwenye kumbukumbu wanasimama nyuma kabisa nje ya hema au hawaitwi kabisa.

Kwahiyo nimeandika hatua kwa hatua jinsi mtaa, kikundi cha vijana, kanisa, msikiti, shule au hata familia moja inavyoweza kuandaa kumbukumbu ambayo marehemu wanatajwa kwa heshima na waokoaji wanabaki na kitu mkononi. Sio lazima ufanye zote. Ukifanya hatua ya majina na hatua ya mafuta tu umeshafanya kubwa.

Hatua ya 1: Jueni vizuri mnachokikumbuka

Usianze na bajeti ya mahema. Anza na habari yenyewe, kwasababu vijana wengi wa miaka 20 walizaliwa meli imeshazama na wanachojua ni vipande vipande tu.

MV Bukoba ilipinduka asubuhi ya Jumanne Mei 21, 1996 ikiwa inakaribia Mwanza ikitokea Bukoba kupitia Kemondo. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya abiria ilionyesha watu 443 wa daraja la kwanza na la pili, na daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa, yaani wale waliolipa nauli ndogo ndo hawakuandikwa popote. Ndomana mpaka leo idadi ya waliofariki inatajwa tofauti tofauti, zaidi ya 800 na wengine wanafikisha 1,000. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo.

MV Nyerere ilikuwa Alhamisi Septemba 20, 2018, siku ya gulio Bugolora, kivuko kinavuka kwenda Bwisya kisiwani Ukara, kikapinduka kikiwa karibu kabisa na kufika. Kilijengwa kubeba watu 101. Waliofariki walifika 228 na waliotoka hai 41, na aliyekuwa anakata tiketi naye alikuwa ndani, mashine ya tiketi ikapotea, hivo tena hakukuwa na hesabu ya uhakika ya nani alipanda. Baadhi walizikwa palepale Bwisya. Rais Magufuli alitangaza siku nne.

Na kuna ile ndege ya Precision Air iliyoangukia ziwani Bukoba Jumapili ya Novemba 6, 2022 ikiwa na watu 43, wakafariki 19 na 24 wakapona. Picha zote tuliziona, ndege imezungukwa na mitumbwi. Mvuvi kijana Majaliwa Jackson akaja kupewa kazi kwenye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, jambo zuri sana na alistahili, lakini pale majini hakuwa peke yake.

Ukiziweka hizo tatu pamoja unaona kinachojirudia. Miaka 26 kati ya ya kwanza na ya tatu, na kila mara anayetangulia kufika ni mvuvi aliyekuwa karibu.

Hatua ya 2: Nenda kwa familia kwanza, mapema

Miezi mitatu kabla, sio wiki mbili. Sababu ni kwamba kuna familia hazitaki kabisa kutajiwa habari hizi na zina haki hiyo, na kuna zingine zimekaa miaka zikisubiri mtu awaulize, na huwezi kujua ipi ni ipi kwa kukisia. Wanaoenda wawe wawili, ikiwezekana mmoja wao ni mtu mzima anayefahamika pale mtaani. Msiende na kamera. Mkifika msalimie, mkae, msianze na mambo ya kamati. Maneno yanaweza kuwa hivi tu: "Mama shikamoo, tunajua mlimpoteza baba wa watoto kwenye MV Bukoba, mwezi wa tano tunataka kuwakumbuka kwa majina, tumekuja kuomba ruhusa yako kama tunaweza kulitaja jina lake na tulitaje vipi." Alafu unyamaze. Akilia mwache alie, usimwambie jikaze, usimwambie Mungu alimpenda zaidi. Akikataa, shukuru na uondoke, na jina hilo lisisomwe.

Wakati huohuo mmoja aende kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa au kijiji, maana mkusanyiko wa watu na michango vyote vinahitaji wajue na wakuelekeze kibali kinapatikana wapi. Kama mnataka kuingia na boti kuweka maua majini basi Polisi Wanamaji na TASAC (wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini) waambiwe mapema. Itakuwa aibu kubwa boti ya kumbukumbu kuzidisha watu.

Hatua ya 3: Majina

Hapa nitakaa kidogo kwasababu ndo moyo wa shughuli yote.

Namba inaumiza kichwani, jina linaumiza kifuani. Ukisema watu 228 mtu anatikisa kichwa, ukisema alikuwa mama fulani anauza nyanya na siku ile alikuwa anarudi kutoka gulioni na mwanae mgongoni watu wote wananyamaza. Na kwa ajali zetu hizi majina yana uzito mwingine, kwamba kuna watu hawakuandikwa wakati wa kupanda, sasa kama hawakuandikwa wakati wa kupanda na sisi tusipowaandika leo watakuwa wameandikwa wapi?

Fanya hivi. Chukua daftari kubwa la kurasa ngumu, counter book ya kawaida inatosha, na ligawe kwa vijiji au mitaa. Kila marehemu apewe ukurasa wake: jina kamili, jina aliloitwa nyumbani, kazi yake, alikuwa anatoka wapi kwenda wapi, alizikwa wapi au hakupatikana, na sentensi mbili tatu ambazo familia inataka zibaki. Usiandike namba za simu wala mambo ya ugonjwa au ugomvi wa mirathi, daftari hili litasomwa na watu. Mwandikaji asome alichoandika kwa sauti mbele ya familia kabla ya kuondoka, maana makosa ya majina ni rahisi sana, Mukasa anaandikwa Mkasa, Nyamizi anakuwa Nyamisi, na kwa familia hilo sio kosa dogo.

Kuna ambao hawakupatikana. Hao wapewe ukurasa sawa na wengine. Familia zao zinabeba mzigo wa peke yake, hakuna kaburi la kupalilia, na nimeona wengine wanaenda tu kukaa ufukweni siku hiyo wakiangalia maji. Kama kamati ina uwezo, wawekeeni kibao au mti pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, wenye maneno machache na tarehe, ili na wao wawe na mahali pa kwenda.

Daftari likijaa lipigwe picha kila ukurasa na nakala zikae sehemu tatu tofauti, mfano ofisi ya kata, shule na nyumba ya ibada. Daftari moja likiloa au likiliwa na mchwa kazi yote imepotea.

Na usisahau ukurasa wa waokoaji waliokwisha kufa. Wapo wazee waliookoa watu mwaka 1996 wakafa zao kimyakimya kwa uzee na hakuna aliyewaandika.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Fupi. Masaa mawili yanatosha, na ianze asubuhi kabla ya jua kuwa kali maana wengi wanaokuja ni wazee. Dua na sala za dini zote mbili, anayeanza mpange kwa kupokezana mwaka hadi mwaka. Alafu majina. Wasomaji wawe watoto wa shule na wavuvi, wawili wawili, wasome taratibu, na baada ya kila majina kumi kuwe na kimya. Alafu mwokoaji mmoja aliyekubali mwenyewe aongee, sio kulazimishwa, na asiulizwe maswali ya kuchokonoa kama "ulimkuta vipi" mbele ya watoto wa marehemu. Alafu maua. Mgeni rasmi akiwepo apewe dakika tano na aambiwe kabla kwamba ni tano.

Kitu kimoja naomba mkizingatie hata kama mtaacha vyote: viti vya mbele. Familia upande mmoja, wavuvi na waokoaji upande wa pili, viongozi nyuma yao. Tulishawahi kufanya shughuli ambapo mzee mmoja aliyetoa watu majini alisimama masaa mawili juani huku viti vya mbele vikiwa vitupu vinasubiri wageni waliochelewa, sijaisahau ile picha mpaka leo na ndo iliyonifanya nianze kuandika haya.

Baada ya hapo watu wale pamoja, chakula cha kawaida tu, mazungumzo yanayotokea kwenye sahani ndo huwa yanaponya kuliko hotuba.

Hatua ya 5: Andikeni waokoaji walio hai

Siku mbili tatu baada ya kumbukumbu, watu bado wana joto, nendeni mwaloni na daftari la pili. Hili ni la kazi. Kaeni na BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) wa mwalo husika maana wao ndo wanajua kila chombo ni cha nani. Andikeni nani ana mtumbwi wenye injini na nguvu zake, nani ana taa kali ya kumulika usiku, nani ana kamba ndefu, nani anajua kuogelea kweli (utashangaa wavuvi wangapi hawajui, wengi), nani ameshawahi kufundishwa huduma ya kwanza, namba ya simu na ya jirani yake kama ya kwake haipatikani. Alafu mkubaliane ishara ya kuitana, filimbi, kengele ya shule au spika ya msikiti, kitu ambacho kitasikika hata mtandao ukikata.

Na kila mmoja awe na namba za dharura kwenye simu: 114 Zimamoto na Uokoaji, 112 polisi, 115 gari la wagonjwa. Anayepiga aseme mahali kwanza kabla ya kueleza kilichotokea, maana simu ikikatika angalau wanajua waende wapi.

Hatua ya 6: Hela, na kwanini ianze na mafuta

Ukiwauliza wavuvi wenyewe walipungukiwa nini watakwambia mafuta kabla ya kitu kingine chochote. Mtu ana petroli ya kwenda kutega nyavu na kurudi, basi. Akitumia kuokoa watu kutwa nzima na kesho yake kutafuta miili, siku ya tatu nyumbani kwake hakuna kitu, na hakuna ofisi atakayoenda kudai. Nyavu zilizokatwa ili watu watolewe nazo hivohivo, hasara yake.

Kwahiyo anzisheni mfuko mdogo wa mwalo wenye kazi tatu tu, mafuta ya dharura, fidia ya vifaa vilivyoharibika kwenye uokoaji, na vifaa vya kuokolea. Ukiongeza kazi ya nne na ya tano utakuta mfuko umegeuka kuwa wa harusi na misiba ya kawaida.

Mambo ya usimamizi: watunzaji watatu na angalau mmoja awe mvuvi na mmoja mwanamke mfanyabiashara wa dagaa au samaki, hao wanajua hesabu kuliko mtu yeyote pale. Akaunti ya kikundi benki au namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, sio laini ya mtu binafsi hata kama ni mchungaji. Kutoa hela lazima wawili wakubali. Kila mwisho wa mwezi karatasi ya mapato na matumizi ibandikwe kwenye mti au ukuta wa mwaloni, hata kama mwezi huo hakuna kilichoingia. Mtu akija na bahasha akitaka jina lake litangazwe, tangazeni, hakuna shida, ila kiasi kiandikwe palepale mbele yake.

Ajali ikitokea kweli mjihadhari sana na namba za michango zinazosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp ndani ya masaa machache. Usitume mpaka umempigia mtu unayemjua aliye eneo lile au umeona tangazo la ofisi ya mkoa au wilaya.

Mfano mzuri wa hela ya rambirambi kutumika ipasavyo tunao, baada ya MV Nyerere sehemu ya michango ilijenga majengo ya kituo cha afya Bwisya, palepale kisiwani. Mama anayejifungua leo pale anajifungulia kwenye kumbukumbu ya watu wale.

Kwenye vifaa, nunueni laifujaketi (TASAC wanaita jaketi okozi) chache nzuri kuliko nyingi za hovyo. Vaa, funga mikanda yote, mwambie mwenzako avute kwa juu mabegani, likipanda mpaka masikioni halikufai. Ziwepo na za watoto, hili linasahaulika kila mara. Kamba inayoelea, tochi zisizoingia maji, mablanketi mazito, filimbi. Na kitu cha bure kabisa, kidumu kitupu cha lita 20 kilichofungwa kifuniko vizuri na kufungwa kamba, kinaelea na mtu anaweza kukikumbatia mpaka mtumbwi umfikie. Kila mtumbwi uwe navyo viwili.

Hatua ya 7: Mafunzo

Ombeni Zimamoto wa mkoa au wilaya na Chama cha Msalaba Mwekundu waje kufundisha mwaloni kwenyewe, kwa barua kupitia ofisi ya kata. Kutoa elimu kwa wananchi ni sehemu ya kazi ya Zimamoto. Wakati mzuri ni siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa hawaendi kuvua kwahiyo wapo na wana muda.

Umuhimu wa mafunzo tuliujua kwa uchungu mwaka 1996. Meli imepinduka, watu wako hai ndani wanagonga, waliokuwa juu wakitaka kuwatoa wakatoboa chuma, na ile hewa iliyokuwa imebaki ndani ikatoka kwenye tundu, meli ikazama. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Mwaka 2018 kivuko kimelala kifudifudi siku ya pili yake na zaidi, wazamiaji wakaingia wakamkuta fundi wa kivuko yuko hai kwenye chumba chenye hewa, wakamtoa. Simlaumu mtu wa 1996, nasema tu kwamba moyo wa kuokoa tunao siku zote, kinachotakiwa ni kuujaza ujuzi.

Mambo ya msingi ambayo kila mvuvi na kila mama wa mwaloni ayajue hata kabla mwalimu hajaja:

Usiruke majini kumfuata anayezama kama hujafundishwa, atakukumbatia mtazama wote. Mpe kasia ashike, mrushie kamba au kidumu. Ukikaribia watu kwa injini izime mapema, panga la injini linakata watu. Mnapompandisha mtu, wengine wakae upande wa pili mtumbwi usilale, na msijaze kupita uwezo hata kama wanalia, bora upeleke ufukweni urudi.

Mtu aliyetolewa hajibu na hapumui vizuri, mlaze chali sehemu ngumu, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni mara tano mpaka uone kifua kinapanda. Aliyezama kilichomwangusha ni kukosa hewa ndomana tunaanza na hewa. Kama bado hana dalili za uhai weka mikono katikati ya kifua bonyeza mara 30, chini sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, haraka kama mara 100 mpaka 120 kwa dakika, alafu puliza mara 2, endelea hivohivo 30 kwa 2 mkipokezana mpaka msaada ufike. Usimning'inize kichwa chini, usimkandamize tumbo kutoa maji, tabia hiyo ipo sana kwetu na inaua kwasababu inapoteza dakika na inamfanya atapike na matapishi yanaingia kwenye mapafu.

Akianza kupumua mgeuze ubavu. Mvue nguo mbichi mfunike, hata huku kwetu kwenye joto mtu aliyekaa majini muda mrefu anapoa hatari. Na yeyote aliyepoteza fahamu au aliyekunywa maji na anakohoa aende hospitali hata kama anasema niko sawa, mapafu yanaweza kubadilika baada ya masaa.

Kila miezi sita fanyeni zoezi la kweli, filimbi inapigwa bila taarifa, mtumbwi wa kwanza uondoke ndani ya dakika ngapi, andikeni.

Hatua ya 8: Waulizeni wanalalaje

Hii hatua haina gharama yoyote na ndo tunayoiruka kila siku.

Kuna baba mmoja mvuvi, simtaji, alitoa watu na alitoa miili siku kadhaa mfululizo. Miaka imepita. Upepo ukivuma usiku kutoka ziwani anaamka, anatoka nje anaenda mpaka ufukweni kuhesabu mitumbwi, zikitimia anarudi kulala, zisipotimia anakaa palepale mpaka asubuhi. Mke wake ndo alinieleza, yeye mwenyewe hajawahi kusema. Watu wanamuona ni mtu mkimya tu.

Mtu aliyeshika miili ya watoto sio rahisi abaki vilevile, na mwanaume wa kwetu akifundishwa tangu utoto kwamba kulia ni udhaifu atajificha kwenye pombe au hasira. Wiki za mwanzo kukosa usingizi, kushtuka, kuota, kutopenda kula ni kawaida na kwa wengi hupungua kwenyewe wakiwa na watu. Ila ikipita mwezi na bado, au ameacha kazi, anakunywa kila siku, anaogopa maji kabisa, au anasema maneno kama bora ningezama mimi, hapo asiachwe hata siku moja. Mpelekeni kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya, au hospitali yenye kitengo cha afya ya akili, na msindikizane naye, usimpe karatasi tu ya kwenda.

Mnaweza kuanza na kitu chepesi. Mara moja kwa mwezi waokoaji wakae pamoja jioni, wakitengeneza nyavu, bila ajenda. Mkubwa wao aanze kwa kusema lake. Sheria ni moja, hakuna anayelazimishwa kuongea na hakuna anayecheka, na yanayosemwa pale hayaendi kijiweni. Ukimtembelea mmoja mmoja usimuulize "ulionaje", muulize "siku hizi unalalaje kaka" alafu sikiliza jibu lote.

Wanawake pia. Waliowaosha marehemu, waliowapikia waokoaji, waliokaa na mama waliopoteza watoto, hao nao waliingia kwenye ajali ile ingawa hawakuingia majini.

Hatua ya 9: Wenye sare, manesi, na damu

Askari wa Zimamoto, Polisi Wanamaji, wazamiaji wa jeshi, manesi wa zamu, wahudumu wa mochwari, wote hawa waandikiwe barua ya shukrani yenye majina ya kituo chao na isomwe siku ya kumbukumbu, nakala kwa mkuu wao. Barua hiyo inaingia kwenye faili la mtu. Wahudumu wa mochwari hasa hawashukuriwi na mtu, nendeni na mkono wa pole na wao.

Na siku hiyo ya kumbukumbu waombeni watu wa Damu Salama waje kuweka kituo cha kuchangia. Mwenye miaka 18 hadi 65, uzito kuanzia kilo 50, afya njema, mwanaume kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya minne. Damu haikai milele, kama siku 35 tu hivi, kwahiyo kuchangia siku ya ajali peke yake hakutoshi, inayomwokoa majeruhi saa ya kwanza ni ile iliyochangwa wiki zilizopita.

Hatua ya 10: Picha

Msiposti picha za miili, za zamani wala mpya. Mtoto wa marehemu ana simu na ataiona. Ukitumiwa futa na umwambie aliyekutumia kwanini. Posti majina, kwa ruhusa ya familia, posti picha ya mtu akiwa hai, posti orodha ya vifaa vinavyohitajika mwaloni na namba ya kikundi.

Kumbukumbu ikiisha, kabla hamjakunja mahema, kaeni dakika kumi mpange tarehe tatu na kuziandika nyuma ya daftari la majina: siku ya kukagua laifujaketi na kamba, siku ya zoezi linalofuata, na siku ya kupita nyumba kwa nyumba kwa wavuvi kuhakiki namba za simu. Ile ya kwanza isizidi mwezi mmoja mbele, na aliyepewa kazi ya kukumbusha jina lake liandikwe pembeni.